Weupe wa Ndani

Ipo nchi moja, na wala si hii yetu, jamani, tusije tukaitana vituoni, inayoitwa Jamhuri ya Tulizana. Huko kila kitu ni shwari. Ukimwona mtu anakimbia barabarani, ujue anawahi mahali akatulie. Redio ya Taifa hufungua matangazo kwa kuwaambia wananchi watulie, na hufunga kwa kuwauliza kama wametulia. Mwenye jibu tofauti huombwa kwa heshima akalitolee ufafanuzi katika nyumba fulani yenye viti vingi na isiyo na dirisha hata moja.

Katika nchi hiyo aliishi bwana mmoja aliyeshindwa kabisa kutulia, jina lake Mlekwa Sudi. Alikuwa Msanifu Mkuu wa Istilahi wa Serikali. Kila kitu kipya kilipoletwa kutoka nje, uwe mtambo, ugonjwa au mkopo, yeye ndiye aliyekitafutia jina la Kiswahili kabla hakijaruhusiwa kushuka bandarini. Kazi aliipenda, na maneno aliyajua. Ila alikuwa na goti la kulia lenye tabia ya kutikisika lenyewe chini ya meza, na tangu binti yake Mwajabu aliposhika mimba, goti hilo halikujua Jumapili wala sikukuu.

Mwajabu alikuwa mpiga picha za eksirei katika Hospitali ya Mlezi Mkuu. Hospitali iliitwa hivyo kwa heshima ya kiongozi wa nchi, ambaye mwenyewe akiumwa hutibiwa ng'ambo, asije akawabania wananchi kitanda. Chumba kizima cha eksirei kilimtegemea Mwajabu peke yake. Watoto waliovunjika mikono hawakubali kutulia mbele ya mtambo, hata wakiwa raia wa Tulizana, kwa hiyo ilimbidi awashike yeye mwenyewe huku mionzi ikipita. Kinga yake ilikuwa aproni moja nzito ya kijivu, yenye madini ndani, ambayo ilikwisha kupasuka ubavuni. Tumbo lilipoanza kuonekana aliiomba hospitali impe aproni nzima au imhamishie kitengo kingine. Hospitali ikampongeza kwa ujauzito.

Akamwendea baba yake.

"Baba, mimi sitaki makuu," alimwambia. "Nataka aproni nzima tu. Hii inavuja kama paa la shule."

Mlekwa alimwahidi. Aliahidi kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu wiki hiyohiyo bahati ilikuwa imemwangukia.

Bahati yenyewe ilitoka kwa Marafiki wa Maendeleo, watu wa nje walioipenda Tulizana kuliko walivyopenda kwao, ndiyo maana walikuwa hawaendi kwao. Walisema wataleta mtambo mpya wa mionzi ya tiba, ila kwanza nchi ipange vipaumbele vya utafiti: inataka kujua nini kuhusu kutumia mionzi hospitalini, na nini kuhusu kuwakinga watu nayo. Serikali haikulaza damu. Iliunda Tume ya Taifa ya Kupanga Vipaumbele vya Utafiti wa Matumizi ya Mionzi Tiba na Kinga Yake. Kikao cha kwanza kilitumika kulisoma jina hilo, na lilipokwisha wajumbe wakaenda kula.

Mwenyekiti alikuwa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Kungulilo, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza. Kamanda Machibya wa Usalama aliingia kwa sababu huko Tulizana watu hawawezi kukutana wakacheka bila yeye kujua walichochekea. Mlekwa akawa Katibu.

Shida ilianza na neno lenyewe. Mheshimiwa Kungulilo aliwakumbusha wajumbe kwamba kipaumbele ni kitu kinachopewa umbele, na kwamba katika maisha yake ya utumishi hajawahi kukubali kupewa unyuma. Wizara ya Kilimo ikasema hivyohivyo. Wizara ya Michezo, ambayo hakuna aliyekumbuka iliingiaje, ikatishia kutoka nje. Wakabishana hadi mate yakakauka, kisha wakaafikiana kwa hekima kubwa kwamba vipaumbele vyote vitakuwa vya kwanza. Marafiki wa Maendeleo walipouliza kipi kitaanza, walijibiwa kwamba vyote vitaanza kwa pamoja, siku fedha zikifika.

Hapo ndipo Mlekwa aliponyoosha mkono. Goti lilikuwa likigonga mguu wa meza. Alisoma pendekezo lake, sentensi aliyoisuka siku nyingi ili isimwudhi mtu: kuchunguza upungufu wa aproni za risasi katika vyumba vya eksirei nchini.

Msimkosee Mlekwa. Neno lilikuwa sahihi. Madini yale mazito ya kijivu yanaitwa risasi tangu hajazaliwa yeye wala babu yake, na kamusi zote zinakubaliana. Lakini chumba kilipata ubaridi wa ghafla, na Kamanda Machibya akaweka chini kikombe chake cha chai.

"Ndugu Katibu," alisema polepole, "unatuambia kwamba wapo wananchi wenye mavazi ya kukinga risasi, na sisi hatuna?"

"Si risasi hiyo, afande. Hii ni madini. Mazito, ya kijivu."

"Risasi zote ni madini," Kamanda alisema. "Na zote ni nzito zikikufikia."

Mlekwa alieleza. Alieleza habari ya mionzi, ya watoto wenye mikono iliyovunjika, ya mama wajawazito. Kadiri alivyoeleza ndivyo Kamanda alivyozidi kuandika. Mheshimiwa Kungulilo alikuwa na swali moja tu. Aliuliza kama ni kweli kwamba anayevaa aproni hiyo anakuwa na kinga. Mlekwa, mtu wa maneno sahihi, akasema ndiyo Mheshimiwa, anakuwa na kinga. Waziri akatazama dari kwa macho ya mtu aliyetajiwa jina la mchumba. Huko Tulizana kinga alikuwa nayo Mlezi Mkuu pekee, ambaye sheria hairuhusu ashtakiwe hata akiwa ameshikwa mkono ndani ya mfuko wa mtu. Na sasa, kumbe, kinga ni nguo, na mtu anaweza kuivaa.

Kabla wiki haijaisha malori yalikuwa yamezunguka hospitali zote na kukusanya aproni za risasi kwa ukaguzi. Kwa Mwajabu hawakuchukua aproni tu. Waling'oa na mbao zilizopigiliwa bati la risasi, zile alizokuwa akijibanza nyuma yake wakati mtambo ukiwaka, wakaenda kuimarishia geti la Waziri. Walimwachia shukrani za Taifa.

Mlekwa aliposikia, alikaa kitandani na viatu vyake miguuni. Alikwenda kumtafutia mwanawe aproni nzima, akampotezea hata ile mbovu. Aliona haya kumtazama usoni. Siku zilizofuata hakwenda kwake, akawa anatuma ndizi, kisha maziwa, kisha ndizi tena, mpaka Mwajabu akarudisha salamu kwamba mtoto hakingwi na ndizi.

Aproni ziligawiwa kwa viongozi kwa kufuata cheo, zile zisizopasuka kwa mawaziri na zilizopasuka kwa manaibu. Bunge likapitisha Sheria ya Kinga, isemayo kwamba mwenye aproni hagusiki, na kwamba kuivua hadharani, au kumpa asiye na cheo, ni uhaini mdogo. Tangu hapo ukiwasha runinga uliwaona waheshimiwa wamevaa makitu ya kijivu juu ya suti, jua la adhuhuri linawapiga, jasho linawatiririka kwenye soksi. Walikata utepe kwa shida. Walipoinama kupanda miti ya kumbukumbu ilibidi wainuliwe, na miti mingine ilikufa ikisubiri.

Usimbebeshe mtu wa vikao mzigo wa kuli ukategemea atanyamaza. Migongo ikaanza kuuma. Wa kwanza kufika hospitali alikuwa Mheshimiwa Kungulilo mwenyewe, akishikiliwa huku na huku. Mwajabu alimwomba avue aproni ili apigwe picha. Waziri akamwuliza kama anataka kumfunga. Basi akampiga hivyohivyo, na kwa kuwa mionzi haipenyi risasi, picha ilitoka nyeupe pe. Haikuonekana hata pingili moja ya uti wa mgongo. Mwajabu, ambaye ni mkweli, akaandika chini yake: hakuna kilichoonekana.

Mheshimiwa aliisoma sentensi hiyo akaisoma tena. Macho yakamlenga machozi.

"Hakuna kilichoonekana," alisema. "Wamenisema miaka yote hii, na hakuna kilichoonekana."

Akaikumbatia picha, maumivu ya mgongo akayasahau palepale, na kesho yake ikawa imetundikwa ofisini kwake ndani ya fremu ya dhahabu. Magazeti yakaandika kwamba sayansi imethibitisha: Waziri ni mweupe ndani, hana doa. Sasa nani angekubali kubaki bila cheti cha namna hiyo? Wakaja mawaziri, wakaja wakuu wa mikoa, akaja jaji aliyekuwa na kesi yake mwenyewe mezani pake. Foleni ya magari makubwa ilizunguka hospitali, na kila aliyeingia alitoka mweupe. Mtoto mwenye mkono uliovunjika aliambiwa asubiri, maana yeye picha yake hutoka na mifupa, na mifupa si jambo la haraka.

Tume nayo haikubaki nyuma. Ilitupa vipaumbele vyote vya mwanzo ikaandika vipya, vyote vya kwanza. Kimoja kilitaka wataalamu wachunguze kwa nini mionzi huwapenya wananchi lakini hushindwa kwa viongozi. Kingine kilitaka ijulikane kama mionzi inaweza kufundishwa kuomba kibali kabla ya kupenya. Wizara ya Michezo ilitaka kujua kama mionzi yetu inaweza kushindana na ya majirani.

Na Mwajabu? Alikuwa anawapiga picha hao wote, mmoja baada ya mwingine, kutwa nzima, hana aproni, hana ukuta, amejibanza nyuma ya kabati la nguo za wagonjwa.

Siku moja alimfuata baba yake ofisini. Alikuta aproni mpya kabisa imelazwa juu ya kiti, kijivu, nzito, haina hata mkunjo. Katibu wa Tume alikuwa amepewa cheo, na cheo kilikuja na nguo yake.

Mlekwa alifunga mlango. Alimwambia binti yake, kwa sauti ya chini inayokwenda mbio, kwamba asidhani amemsahau, kwamba ilikuwa iwe yake, ila asubiri sherehe ya kilele cha Tume ipite, kwa sababu siku hiyo wajumbe wote watakaguliwa kama wamevaa, na Kamanda ana macho, na kifungo cha uhaini mdogo si kidogo hata kidogo. Baada ya kilele ataipoteza kwa bahati mbaya, na itaokotwa mahali inapotakiwa.

"Kilele ni lini?"

"Wameahirisha kidogo. Wanasubiri Mlezi Mkuu arudi kutoka kwenye matibabu."

Mwajabu aliishika aproni kwa vidole viwili, akaipima uzito, akairudisha kitini.

"Mtoto hasubiri vikao, baba," alisema. Akatoka na kiuno chake kinachomuuma.

Siku ya mkesha wa kilele, wajumbe wote wa Tume walitakiwa kupigwa picha, ili vyeti vyao vya weupe vioneshwe ukumbini kwenye pazia kubwa. Mlekwa alikaa wa mwisho kwenye benchi la korido, amevaa aproni yake, goti likitikisa benchi zima hadi mjumbe wa Kilimo akahama. Wakaingia wakatoka, weupe watupu. Zamu yake ilipofika aliingia akamkuta Mwajabu ameegemea kabati, amefumba macho, mkono mmoja chini ya tumbo.

"Simama hapo, baba," alisema kama anavyowaambia wote. "Vuta pumzi, uizuie."

Mlekwa alisimama. Alivuta pumzi. Alimwona mwanawe akirudi kujibanza nyuma ya kile kibati chembamba cha kabati, akijikunja ili mgongo uelekee mtambo na tumbo lielekee ukuta, jinsi mtu anavyomkinga mtoto na mvua. Hapo moyo ulimwuma kwa namna ambayo hakuna istilahi aliyowahi kuisanifu ingeitosha.

Alifungua vifungo. Aliivua aproni, akamfuata nyuma ya kabati, akamvisha, akamfunga kamba vizuri kiunoni. Mwajabu alimwambia baba, wewe una kichaa, hawa watakufunga. Akamjibu apige picha haraka, watu wanasubiri.

Picha ilitoka na kila kitu. Mbavu, pingili, kivuli cha moyo.

Kutoka pale hakurudi nyumbani. Alikwenda mbio, watu wakimtazama, hadi kwa mchapaji wa Serikali, ambako Faharasa ya Istilahi za Tume ilikuwa ikisubiri sahihi ya Waziri. Akaomba aongeze neno moja kwenye herufi ya M. Mchapaji akasema Mzee Sudi, hata leo? Akasema hata leo, na jioni akamtumia Mwajabu ndizi pamoja na kikaratasi chenye neno hilo.

Kilele kilifana. Mlezi Mkuu alirudi akiwa na afya ya kigeni. Mheshimiwa Kungulilo alitia sahihi Faharasa bila kuifungua, kwa sababu sahihi yake ilikuwa nzuri na aliona kusoma kutaichelewesha. Kisha taa zikazimwa, pazia likashushwa, na weupe wa wajumbe ukaanza kuoneshwa. Mweupe wa Afya, makofi. Mweupe wa Kilimo, makofi. Mweupe wa Michezo, vigelegele. Halafu kikatokea kiunzi kizima cha mifupa ya Mlekwa Sudi, uti wa mgongo umesimama katikati kama mnazi, na ukumbi wote ukashtuka kwa pamoja.

"Kumbe," alisema Mheshimiwa Kungulilo taratibu, na kwa huzuni ya kweli. "Muda wote huu tunakaa naye, kumbe ana mambo yote haya ndani."

Kazi ilimtoka palepale. Wengine walitaka ashtakiwe kwa kila ubavu peke yake. Kamanda Machibya, mtu wa kwenda hatua kwa hatua, alianza na swali jepesi: aproni ya Serikali iko wapi? Mlekwa alisema hana. Ikabidi atiwe kwenye gari la Kamanda, waende pamoja hospitali, ambako aproni ilionekana mara ya mwisho, yeye akiwa shahidi, na kama itapatikana mikononi mwa asiye na cheo, basi awe mshtakiwa na aliyenayo awe mshtakiwa wa pili. Njia nzima goti lake liligonga mlango wa gari. Askari aliyekaa kando yake alimwomba atulie, tena kwa adabu, akamwambia ni kwa faida yake.

Walimkuta Mwajabu kazini. Amemshika mtoto mwenye mkono uliovunjika, yule aliyekuwa akisubirishwa, na mwilini amevaa kile kitu cha kijivu kuanzia shingoni mpaka magotini, kimetuna mbele kwa ajili ya tumbo. Mlekwa alitamani ardhi ipasuke.

Kamanda alingoja mtoto amalizwe. Alitoa hati yake, akaisoma kwa sauti: anatafuta aproni ya risasi moja. Kisha akamtazama Mwajabu juu hadi chini.

"Hicho ulichovaa ni nini?"

"Mbeleko, afande."

"Mbeleko?"

"Ya kazini. Imo kwenye Faharasa."

Kamanda aliagiza Faharasa iletwe kutoka garini. Akalamba kidole, akafunua herufi ya M, na hapo, kabla ya mionzi, alikuta neno limelala limetulia kama raia mwema: *mbeleko, vazi zito la kijivu avaalo mama mjamzito akiwa kazini karibu na mtambo; si mali ya cheo.* Chini ya ukurasa ilikuwa sahihi ya Mheshimiwa Kungulilo, nzuri kweli. Kamanda alilishika lile vazi pembeni kwa vidole viwili, akaupima uzito wake. Alijua. Mlekwa aliona kabisa kwamba alijua, na goti likazidi. Lakini hati ilisema aproni, nchi ilisema mbeleko, na Kamanda Machibya alikuwa amelala usingizi mzuri maisha yake yote kwa kutobishana na sahihi ya mkubwa. Isitoshe askari wake walikuwa wamekwisha kugeuza nyuso ukutani, wanaume wazima hao, wanaona haya kumpekua mwanamke mbeleko.

Bado alikuwa na kazi ya kukamilisha maelezo. Alifungua kalamu.

"Mbeleko ni ya kubebea mtoto," alisema. "Mtoto yuko wapi?"

"Yuko ndani, afande."

Kamanda alikwisha kuandika *yuko ndani*. Kwa mazoea ya kazi, bila hata kuinua kichwa, akauliza kwa kosa gani.

"Bado hajatenda," alisema Mwajabu.

Kamanda akaandika na hilo. Akafunika kalamu, akavaa kofia, akawapungia vijana wake watoke, akampita Mlekwa pale mlangoni kama anayepita kiti kitupu. Alikuwa amekwisha kufika kwenye korido aliposimama, akageuka, akalitazama lile tumbo la kijivu kwa muda mrefu.

"Akitoka," alisema, "nijulishwe."